Meli Isiyo na Barua, Stima Isiyo na Mvuke

Kiswahili kina maneno mengi ambayo vitu vilivyoyazaa vimekwisha kufa, nayo yangali hai, yanatembea mjini na mashambani, wala hapana ayaulizaye yanaishi kwa riziki gani. Meli ni mojawapo. Wakusanya kamusi hulirejesha neno hili kwenye neno la Kiingereza la barua za posta, na historia inawaunga mkono. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta barua Unguja kila mwezi kutoka Aden kwa vyombo vya mvuke. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, kimbunga kilikuwa kimezivunjavunja merikebu za Sayyid Barghash, hata chombo cha posta kikaingia katika bandari iliyokuwa imepungukiwa. Watu wa forodhani walisikia kikiitwa kwa jina la mzigo wake, nao wakalichukua jina la mzigo wakakipa chombo. Barua zimekwisha kuhama, kwanza zikapanda ndege na sasa hazina hata karatasi. Meli imebaki meli.

Kabla ya hapo palikuwa na merikebu, kwa Kiarabu, na ilipokuja ile yenye moto tumboni wazee wakaiita merikebu ya moshi, au merikebu ya dohani. Hili la pili lanifurahisha zaidi. Dohani kwa asili yake ya Kiarabu ni moshi wenyewe, lakini katika vinywa vya watu wa mwambao likawa bomba ambalo moshi hutokea. Neno lilihama kutoka kwenye kitu kinachopaa na kupotea, likatua kwenye kitu kinachosimama na kuonekana. Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, alikuwa na vyombo vya namna nyingi vya kuvitungia. Meli hakuwa nayo.

Kisha ikaja stima, ambayo safari yake ni ndefu kuliko zote. Ilianza kuwa mvuke na chombo cha mvuke. Leo nchini Kenya ni umeme. Mgeni wa kutoka Kigoma akiambiwa Mombasa usiku kwamba stima zimepotea, asikimbilie bandarini; atafute mshumaa. Na garimoshi nalo lingali linaitwa hivyo miongo mingi baada ya dizeli kuyafukuza makaa, na tangu 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma bila moshi hata wa sigara. Bado nimesikia watu wazima wakiagana na jamaa zao kwa kusema wanapanda garimoshi.

Swali ninalotaka kuliweka mbele ya wasomaji ni hili: je, neno lililobaki baada ya kitu chake kuondoka linasema uwongo? Wapo miongoni mwetu, watu wa kalamu, wanaoona kwamba ndiyo. Kwamba lugha safi ni ile ambayo kila jina linakaa juu ya kitu chake kama kifuniko juu ya chungu chake, na kwamba mshairi akiandika stima wakati hakuna mvuke, anamlisha msomaji upepo. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana uwongo mwingi wa dunia umeanza kwa jina zuri kuachwa juu ya kitu kilichooza. Lakini naona wanalaumu mahali pasipo na kosa, na mahali penye kosa wanapapita.

Mimi ninayeandika haya ni mtu wa Kipili. Wasomaji wa visiwani na mwambao, ambao bahari iko mlangoni mwao, huenda wakauliza mtu wa Ufipa anajua nini habari za meli. Basi na waichukue ramani. Ukitoka Sumbawanga ukapita Namanyere, uwanda wa juu unakatika, barabara inateremka kwa mizunguko, na chini unalikuta Ziwa Tanganyika na visiwa vimesimama mbele ya bandari. Hapo ndipo Kipili. Sisi hatukupata kusi na kaskazi za kutuletea majahazi kutoka Hindi. Tulipata meli moja, na kwa moja hiyo tumejifunza mengi.

Meli hiyo ni Liemba. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa bara kwa reli ya kati, iliyofika Kigoma mwezi wa Februari 1914. Mafundi waliokuja nayo waliiunga upya, ikashushwa majini Februari 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Katika vita ilibeba askari na mizinga, na tarehe 26 Julai 1916, adui walipokaribia, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi, baada ya kuzipaka injini grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Hiyo ni namna ya kuzika ambayo mzikaji anatumaini kurudi kufukua. Aliyefukua alikuwa mwingine: Waingereza waliiinua Machi 1924, wakaitengeneza, na Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Ilikwenda kwa mvuke hadi miaka ya sabini. Kati ya 1976 na 1979 injini za mvuke ziling'olewa zikawekwa za dizeli, na ubavuni ikabeba zile herufi mbili, MV, ambazo kwa wenye lugha yao maana yake ni chombo cha mota.

Hapa msomaji aliyepitia vitabu vya falsafa atalikumbuka fumbo la meli ya Theseus, alilolisimulia Plutarch: Waathene waliitunza meli ya shujaa wao kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni ileile, wale wakisema siyo. Nimelisoma fumbo hilo mara nyingi, na kila mara nimeona kuna watu waliosahauliwa ndani yake. Katika fumbo hilo meli ya Theseus inatunzwa kama kumbukumbu. Hakuna abiria anayeingoja. Wanaojadili ubao ni wale ambao hawana gunia la mahindi linalongoja kupakiwa. Ukimwuliza mtu wa Kipili kama Liemba ya dizeli ni ileile ya mvuke, atakuuliza wewe inafika lini.

Nilipata kumwuliza swali hilo mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya kupeleka abiria kwa mtumbwi hadi ubavuni mwa meli, maana kwa miaka mingi hapakuwa na namna nyingine ya kuipanda. Nilimwambia, "Shikamoo mzee. Moshi ulipoondoka, mliiona kama imekuwa nyingine?" Akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Moshi tulikuwa tukiuona kabla ya meli. Ukiuona, unajua una muda wa kufunga mzigo. Ulipoondoka tukaanza kungoja honi." Akaendelea kuziba ufa wa mtumbwi wake. Kwa muda mrefu nimelitafakari jibu hilo kuliko yale ya Waathene. Mzee hakusema moshi ulikuwa meli. Alisema moshi ulikuwa habari ya meli. Habari ikabadilika njia, kutoka jichoni ikaja sikioni, nayo ahadi ikabaki.

Na hapo ndipo ninapoona maana halisi ya neno hili. Kilichoingia Unguja mwaka 1872 hakikuwa karatasi tu, wala chuma tu, wala moto tu. Jahazi huja upepo unapotaka. Huondoka kwa kusi na kurejea kwa kaskazi, na nahodha mwerevu ni yule anayejua kungoja. Chombo cha posta hakikuuliza upepo. Kilikuja kwa mwezi, kwa tarehe, na mtu aliyekuwa na barua ya kutuma aliweza kusema kabla: itaondoka siku fulani. Kwa mara ya kwanza bahari ilifanya miadi na watu wa pwani. Nadhani hicho ndicho masikio ya watu wa forodhani yalichokichagua walipolichagua neno, ingawa hawakukaa baraza kukijadili. Merikebu ingeweza kuendelea kutumika, ilikuwapo na ilitosha. Walichukua neno jipya kwa sababu palikuwa na jambo jipya, na jambo hilo lilikuwa miadi.

Tangu hapo mzigo umebadilika mara nyingi na miadi haikubadilika. Kipili watu huteremka na magunia ya mahindi kutoka uwanda wa juu, na wengine hukusanya dagaa na migebuka iliyokauka, nao hukaa ufukoni kwa sababu meli imesema itakuja. Kwa miaka mingi Liemba iliondoka Kigoma Jumatano. Aghalabu ilichelewa, wakati mwingine ilifika usiku wa manane ikapiga honi, taa zikawaka, mitumbwi ikaikimbilia kutoka kila upande, mizigo ikapandishwa kwa kelele na kamba, na watoto wakapitishwa juu kwa mikono kama vifurushi. Anayechelewa bado anakuja. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Liemba iliacha kusafiri, ikawekwa Kigoma kungoja matengenezo. Siku hizo ndizo nilizoona neno likianza kutusumbua. Watu waliendelea kusema "siku ya meli" ilhali siku hiyo haikuwa na meli. Injini ya mvuke ilipong'olewa hakuna aliyeona haya kuitamka meli. Miadi ilipokatika, kila aliyelitamka alilitamka kama anayemtaja mtu aliyesafiri bila kuaga.

Lakini sitaki kuifanya hoja iwe nyepesi, maana kuna upande wake wa giza, nao uko katika jina.

Gustav Adolf von Götzen alianza safari yake ya kuivuka Afrika kutoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893, akafika Rwanda mwaka uliofuata, na baadaye akawa gavana wa Wajerumani katika nchi hii kuanzia 1901 hadi 1906. Ndiye aliyekuwa gavana Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, na chini ya utawala wake vijiji vya kusini vilichomwa pamoja na mashamba na maghala ya chakula, hata njaa ikamaliza kazi ambayo risasi ziliianza. Makadirio ya wanahistoria juu ya waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000. Jina la mtu huyo ndilo lililopakwa rangi ubavuni mwa chombo kikubwa kuliko vyote vilivyopata kuonekana ziwani kwetu. Wengi waliokitazama kutoka ufukoni mwaka 1915 hawakujua kusoma, na pengine ni heri.

Jina lililofuata lina hadithi ya kushangaza zaidi. Livingstone alipolifikia ziwa kwa upande wa kusini, Aprili 1867, wenyeji walimwambia linaitwa Liemba, naye akaandika hivyo, asijue kwa hakika kama ni mkono wa Tanganyika au ni ziwa jingine. Wafipa na Warungu ndio walioliita hivyo. Baadaye ramani zikachagua Tanganyika kwa ziwa zima. Mwaka 1920 Waingereza wakalichukua jina la ziwa wakaipa nchi yote. Miaka saba baadaye wakalichukua jina la zamani la maji, lililokuwa limebaki bila kazi katika ramani, wakalipa chombo cha Wajerumani. Na mwaka 1964 nchi ya Tanganyika ilipoungana na Zanzibar ikawa Tanzania, jina la Tanganyika likarudi majini lilikotoka. Wasomaji wa visiwani wanaijua sehemu hiyo ya habari kwa namna yao. Mimi naitazama kutoka Kipili: jina la nchi limebaki ziwani, jina la ziwa limebaki melini, na Liemba imekuwa ikielea juu ya Liemba.

Je, kulifuta jina la Götzen kulikuwa haki, au kulikuwa kufunika kaburi? Nasema kulikuwa haki, lakini haki isiyokamilika. Waingereza hawakulifuta kwa ajili ya waliokufa kusini. Walilifuta kwa sababu lilikuwa la adui wao. Na hawakumwuliza Mfipa yeyote kama wanaweza kulitumia neno lake. Hata hivyo neno, likishaingia mkononi mwa wenyewe, halibaki na nia ya aliyelitoa. Wenye Liemba waliisikia Liemba ikipiga honi, wakaitika. Hii ndiyo tofauti ninayoiona kati ya jina na neno. Jina hutolewa na mwenye chombo, naye aweza kulibandua asubuhi. Neno kama meli hutolewa na wanaokingoja chombo, na hakuna gavana awezaye kulifuta.

Nikiwa katika majina, nisiache jambo moja dogo. Mwaka 1915 Waingereza walileta ziwani boti mbili za mota, zilizosafirishwa kwa reli na kukokotwa nchi kavu kutoka kusini mwa Afrika na kupitia Kongo. Zilikwenda kwa petroli, moshi wake hafifu, nazo ndizo zilizoishika Kingani Desemba 26 mwaka huo na kuizamisha Hedwig von Wissmann, chombo cha mvuke, Februari 1916. Moja iliitwa Toutou, na nyingine iliitwa Mimi. Husemwa kwamba kwa Kifaransa hayo ni majina ya mzaha, mlio wa paka na mbwa wa kitoto. Sikio la Kiswahili halisikii paka hapo. Linasikia mtu mwenye bunduki anayejitambulisha.

Turudi kwenye uwongo. Nimesema neno halidanganyi kwa kubaki baada ya barua au mvuke. Linadanganya pale linapotumiwa kuvuta imani ya watu juu ya chombo kisichostahili imani hiyo. Wasomaji wa Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa na mtu wa bara. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia kupita kiasi. Na Julai 18, 2012, ikazama MV Skagit. Kabla ya hizo, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Abiria wa vyombo hivyo hawakupanda chuma. Walipanda neno. Mama anayemwambia mwanawe "tunakwenda kwa meli" hajakagua maboya wala hajahesabu vichwa. Ameliamini neno ambalo tangu 1872 limekuwa likisema: utaondoka, na utafika. Aliyeuza tiketi zaidi ya nafasi alilitumia neno hilo dhidi yake. Huo ndio uwongo, na hauhusiani hata chembe na asili ya maneno. Ningependa wale wanaotukemea kwa kuandika stima bila mvuke wailete ghadhabu yao hapa, ambapo ina kazi.

Neno hilohilo limewahi pia kulipa zaidi ya lilivyokopa. Mwaka 1997 Liemba iliwarudisha Kongo makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Kigoma. Mei 2015 Warundi waliokimbia walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, na Liemba ikawa inawachukua mamia kwa mamia kuwapeleka Kigoma. Hawakuwa na barua, na wengi hawakuwa na mzigo. Nadhani kama kuna siku ambayo meli ilikuwa meli kamili, ni hizo, ingawa mvuke wake ulikwisha kuondoka miaka mingi nyuma.

Yote haya kwangu si mchezo wa fikra tu. Kwa muda sasa nimekuwa nikifasiri maandishi ya wasafiri na wamisionari juu ya ziwa letu, kazi niliyojifunza peke yangu kwa kamusi mbili na subira. Neno moja la Kiingereza la chombo cha mvuke linarudi karibu kila ukurasa, na siwezi kulifasiri kwa neno moja. Kwa chombo cha Chama cha Wamisionari cha London, Good News, kilichoshushwa ziwani mwaka 1885, nimeandika merikebu ya moshi, kwa kuwa hivyo ndivyo jicho la wakati ule lingekiona, na kwa kuwa hakikuwa na miadi na mtu wa ufukoni. Miadi yake ilikuwa na waliokituma. Kwa Götzen ya vitani nimeandika manowari, ijapokuwa mwenye kitabu amesema tu chombo cha mvuke. Meli nimeiweka akiba hadi 1927.

Liko pia tendo. Mwandishi mmoja anaeleza kwamba vipande vya Good News vilibebwa kutoka Ziwa Nyasa hadi Tanganyika, na sentensi yake inaishia hapo, imetosheka. Kwa Kiswahili ukisema vilibebwa, msikilizaji hunyamaza akingoja ile "na" inayofuata. Chuma kile kilipanda na kushuka milima juu ya vichwa na mabega ya watu, kipande kwa kipande, kabla hakijagusa maji yatakayokibeba. Kwa hiyo nimeandika: vilibebwa na wapagazi. Neno hilo la mwisho halimo katika asili. Mhariri akitaka kulifuta, aniandikie kwanza, niko Kipili.